Nyumba za Gharama Nafuu Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenyeviti wa mitaa, wajumbe wa kamati za mitaa, wapangaji, wenye nyumba na wakazi wengine wa Jiji la Dodoma ambao wangependa kuona nyumba za gharama nafuu zikijengwa katika kata zao, au ambao wamesikia kwamba mradi unakuja na wana wasiwasi nao. Msimamo wa mwandishi hautafichwa. Jiji hili linahitaji nyumba nyingi zaidi ambazo mtu wa kipato cha chini anaweza kupanga au kununua, na nyumba hizo hazitapata nafasi karibu na kazi, shule na maji mpaka majirani wa eneo husika wawe wameulizwa mapema na kusikilizwa kwa dhati.

Tunaposema nyumba ya gharama nafuu, tunazungumzia nyumba ya bei gani?

Hakuna bei moja inayofaa kila kaya. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni kwamba kaya isitumie zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa ajili ya makazi, lakini kipimo hicho kinamfikiria zaidi mtu anayepokea mshahara mwisho wa mwezi. Mama lishe wa Sabasaba, dereva wa bodaboda, kibarua wa ujenzi na mlinzi wa usiku hupata fedha kwa siku au kwa wiki, na kipato chao hupanda na kushuka kulingana na msimu. Kwao ugumu mkubwa ni fedha zinazotakiwa kwa mkupuo. Tuchukue mfano wa chumba kimoja cha shilingi 60,000 kwa mwezi: mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita mbele, na dalali akitaka malipo ya kodi ya mwezi mmoja kama ilivyozoeleka, mpangaji anatakiwa kutoa shilingi 420,000 kabla hajaingiza hata godoro. Chumba hicho kinaonekana nafuu ukikipiga hesabu kwa mwezi, lakini mtu anayepata fedha kwa siku hawezi kukiingia.

Nauli nayo ni sehemu ya gharama ya makazi, ingawa mara nyingi husahaulika. Anayeishi Nala, kwenye barabara ya Singida, na kufanya kazi ya usafi katika Mji wa Serikali wa Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki mwa katikati ya mji, hulazimika kuvuka jiji zima asubuhi na jioni. Kodi aliyoiokoa kwa kukaa mbali huishia kwenye daladala, na saa alizopoteza njiani hazirudi. Kwa hiyo mtu akisema kwamba mradi fulani ni wa gharama nafuu, aulizwe mambo matatu: mtu atoe shilingi ngapi siku ya kuingia, atoe ngapi kila mwezi, na atumie ngapi kufika kazini.

Kwa nini suala hili limekuwa zito Dodoma hivi sasa kuliko zamani?

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ambayo wakazi wa muda mrefu wanaikumbuka vizuri. Kwa miaka mingi mji ulikua polepole. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo. CDA ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake yakahamishiwa manispaa, Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na mwaka huohuo ikatungwa sheria inayoitambua kuwa makao makuu ya nchi. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kufika mwaka 2024.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo lililokuwa manispaa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Idadi ya watu imekaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka kumi, na waliokuja hawakuwa watumishi wa wizara peke yao. Kila wizara iliyohamia ilivuta mafundi, wauza chakula, madereva, wafanyakazi wa nyumbani, walinzi na vijana wanaotafuta vibarua, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilikuwa tayari na maelfu ya wanafunzi wanaotafuta vyumba Makulu na Ng'hong'onha. Mtumishi mwenye posho ya nyumba na muuza matunda wanagombea vyumba katika mji uleule, na haihitaji kubahatisha kujua nani atashinda.

Mbona Serikali na mashirika yake tayari yanajenga?

Ni kweli. Shirika la Nyumba la Taifa limejenga Iyumbu na Chamwino, Watumishi Housing imejenga Njedengwa, na Wakala wa Majengo Tanzania umejenga Nzuguni kwa ajili ya watumishi wa umma. Kazi hiyo inastahili kutambuliwa, kwa sababu kila mtumishi anayepata nyumba huko huacha kugombea chumba Kizota au Chang'ombe.

Hata hivyo, nyumba ya kununua kwa mkopo wa benki inamhitaji mtu mwenye hati ya mshahara, na riba ya mikopo ya nyumba nchini imebaki ya tarakimu mbili kwa miaka mingi. Ndiyo maana mikopo ya aina hiyo bado ni chini ya asilimia moja ya pato la taifa, ingawa kampuni ya kuzipatia benki fedha za kukopesha kwa ajili ya nyumba ilianzishwa tangu mwaka 2010. Anayeishi kwa kipato cha siku hafikiwi na mpango huo, hata nyumba ikiitwa ya bei nafuu kwenye tangazo. Yeye anahitaji chumba cha kupanga kilicho salama au kiwanja kidogo kilichopimwa ambacho anaweza kukijenga kidogokidogo, na mambo hayo mawili hayaonekani sana katika mipango mikubwa.

Kwa nini wakazi hupinga mradi ambao wenye mradi wanauona kuwa na manufaa?

Swali hili ndilo linalohitaji uvumilivu mkubwa kuliko yote, na wengi wanaolijibu kwa haraka husema kwamba wananchi hawana elimu. Jibu hilo ni la dharau na si la kweli. Wanaopinga huwa na sababu, na sababu hizo ziko za aina kadhaa ambazo hazitibiki kwa dawa moja.

Wapo wanaopinga kwa sababu ya kumbukumbu. Katika kata za pembezoni zipo familia ambazo ardhi yao ilitwaliwa zamani kwa ajili ya upanuzi wa mji, zikasubiri fidia mpaka wazee wakafariki, au zikalipwa kwa tathmini ya miaka ya nyuma wakati bei ya ardhi ilikwishapanda. Mtu wa familia hiyo akisikia neno mradi, hafikirii nyumba, anafikiria bikoni zilizopandwa shambani kwake bila hodi. Ukimletea picha nzuri ya nyumba zenye bati la rangi, hujamjibu swali lake hata kidogo.

Wapo wanaohofia huduma. Mtaa ambao maji hutoka kwa mgawo, shule yake ya msingi ina darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na zahanati yake ina foleni tangu alfajiri, una haki ya kuuliza kaya mia mbili mpya zitakunywa nini na watoto wao watakaa wapi.

Wapo pia wenye nyumba za kupangisha wanaoogopa kupoteza wapangaji. Hofu hii haisemwi hadharani. Itakuja mkutanoni ikiwa imevaa vazi la wasiwasi juu ya usalama au maadili, na mwenyekiti asiyeijua atajibu habari za ulinzi shirikishi saa nzima bila kumfikia mtu aliyeuliza. Njia bora ni kuongea na wenye nyumba hao peke yao, kabla ya mkutano, na kuwaeleza wazi kwamba mahitaji ya vyumba ni makubwa kuliko mradi wowote mmoja.

Mwisho, wapo wanaopinga kwa sababu hawakuulizwa, na hawa ndio ambao wangeweza kuwa upande wa mradi kama wangeshirikishwa miezi sita kabla.

Nyumba za watu wa kipato cha chini zikijengwa jirani, thamani ya kiwanja changu itashuka?

Bei ya kiwanja Dodoma hutegemea zaidi kama kimepimwa, kama kina hati, kama gari linafika, na kama maji na umeme viko karibu. Mradi unaoleta barabara ya changarawe, bomba kubwa la maji na nguzo za umeme huelekea kupandisha bei ya viwanja vinavyouzunguka, hata kama wakazi wake ni watu wa kipato kidogo. Jambo linalostahili hofu zaidi ni kinyume chake: bei ikipanda, kodi za vyumba vya jirani nazo hupanda, na wapangaji maskini wa mtaa huo hulazimika kusogea mbali zaidi. Mradi ambao haujatenga nafasi kwa wapangaji wa mtaa uleule unaweza kuwahamisha watu bila kubomoa ukuta hata mmoja.

Nani hasa anaamua, na mwananchi anaingilia wapi?

Halmashauri ya Jiji ndiyo mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Michoro ya maeneo hupita kwenye kamati inayoshughulikia mipango miji na mazingira, na mambo makubwa hufika Baraza la Madiwani. Wizara yenye dhamana ya ardhi ina nafasi yake katika uidhinishaji, DUWASA inahusika na maji safi na majitaka, TARURA na barabara za mitaa, na TANESCO na umeme.

Mwananchi ana ngazi tatu zilizo karibu naye. Ya kwanza ni mkutano mkuu wa mtaa, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria haisemi wenye nyumba, inasema wakazi, na mpangaji aliyehamia kihalali ana sauti sawa na mwenye hati. Ya pili ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayomkutanisha diwani na wenyeviti wa mitaa, na ndiyo mahali ambapo vipaumbele vya kata hupangwa kabla ya kwenda kwenye bajeti ya jiji. Ya tatu ni Baraza la Madiwani lenyewe, ambalo vikao vyake mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria kama msikilizaji. Diwani anayejua kwamba watu hamsini wa kata yake wamekaa ukumbini wakisikiliza atalisemea jambo lao kwa uzito.

Kosa la kawaida ni kuanzia juu. Kikundi huandika barua kwa waziri au kwa mkuu wa mkoa, barua inashushwa kwa mkurugenzi wa jiji, mkurugenzi anamuuliza mtendaji wa kata, na mtendaji anamuuliza mwenyekiti wa mtaa ambaye hana habari yoyote. Barua yenye muhtasari wa mkutano wa mtaa uliosainiwa, orodha ya mahudhurio na mapendekezo ya kata huwa na nguvu kubwa kuliko ile yenye maneno makali.

Mkutano wa mtaa kuhusu mradi wa nyumba uendeshweje?

Uitwe mapema, kabla mchoro haujakamilika. Wananchi wakiletewa mchoro uliokwisha kupigwa muhuri, wanajua kwamba wameitwa kushuhudia, na watakaa kimya au watafanya fujo. Saa nazo zichaguliwe kwa akili. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya Jumanne utawapata wazee na wenye nyumba, wakati wapangaji wengi wako vibaruani, hivyo Jumapili alasiri baada ya ibada hufaa zaidi katika mitaa mingi.

Ramani iliyobandikwa ukutani haitoshi. Mtu aliyezoea kuutambua mpaka wake kwa safu ya minyaa, mti wa mkuyu na korongo la maji hawezi kulaumiwa kwa kutosoma mistari ya rangi kwenye karatasi. Zipo mbinu rahisi zinazosaidia sana. Kamati inaweza kuchukua kamba, vigingi vya mti na mfuko mmoja wa chokaa, ikaenda eneo lenyewe pamoja na wakazi na mpima wa jiji, ikachora chini upana wa barabara inayopendekezwa, ukubwa wa kiwanja kimoja, na umbali kati ya nyumba na nyumba. Hapo mjadala hubadilika mara moja. Mama mmoja atasimama ndani ya mraba wa chokaa na kuuliza jiko la mkaa litakaa wapi, kijana atauliza bajaji itageuzia wapi, mzee ataonyesha kwamba maji ya mvua hupita palepale palipochorwa chumba cha kulala. Maswali hayo ni ya thamani kuliko kura ya kunyoosha mikono, na mtaalamu mwenye busara atarudi ofisini kubadilisha mchoro wake.

Lugha nayo izingatiwe. Wazee wengi wa kata za pembezoni hujieleza kwa uhuru zaidi kwa Kigogo, na si vibaya mjumbe mmoja akatafsiri pale inapohitajika. Wanawake wapewe nafasi ya kukaa peke yao kwa muda kabla ya mkutano mkuu, kwa sababu wapo wasiosema mbele ya wakwe zao. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na nakala ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa.

Mradi ukigusa mashamba, wenye mashamba wana haki gani?

Wana haki ya fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni zake. Fidia hiyo hujumuisha thamani ya ardhi, majengo na mazao, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya upotevu wa faida pale inapohusika, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa uhai wa tathmini: ikipita miaka miwili bila kulipwa, lazima ifanyike upya. Kila mwenye shamba apewe nakala ya fomu yake siku ya tathmini, aisome, na asisaini karatasi yenye nafasi tupu.

Dodoma ina mambo yake mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni zabibu. Mzabibu huchukua miaka kadhaa kufikia uzazi kamili na hapa kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo anayethamini shamba la zabibu kana kwamba ni shamba la uwele anamdhulumu mkulima. La pili ni makaburi ya ukoo yaliyo ndani ya mashamba. Ipo sheria ya kuhamisha makaburi tangu mwaka 1969, lakini kabla ya sheria kuna heshima: wazee wa ukoo waendewe nyumbani kwao, waambiwe kwa upole, na mila zao zipewe muda. Miradi imekwama kwa makaburi mawili matatu ambayo hakuna aliyeulizia habari zake.

Njia mbadala ya fidia ya fedha, na kwa maoni yangu iliyo bora pale inapowezekana, ni makubaliano ambayo shamba hupimwa kuwa viwanja na mwenye shamba akabakiwa na sehemu yake vikiwa na hati. Fedha taslimu huisha haraka, wakati kiwanja kilichopimwa ndani ya jiji linalokua kinaweza kujengwa vyumba vya kupangisha na kuilisha familia. Makubaliano hayo yaandikwe, yasainiwe mbele ya mashahidi, na viwanja vya mwenye shamba vitajwe kwa namba.

Je, mwenye nyumba mdogo mwenye vyumba vinne au vitano ana nafasi yoyote katika jambo hili?

Ana nafasi kubwa kuliko wote. Watu wengi wa kipato cha chini Dodoma hawapangi kwa shirika lolote, wanapanga kwa mama au baba mwenye nyumba ambaye naye ana watoto wa kusomesha. Ukipita Nkuhungu, Chang'ombe au Kizota utaona mapagale yaliyosimama kwenye lenta kwa miaka, yamekosa fedha za kupaua tu. Kila pagale la namna hiyo ni vyumba vinne ambavyo msingi wake umekwisha kuchimbwa, kwenye mtaa ambao tayari una watu, duka na kituo cha daladala.

Mpango wa kata unaoweza kuwapatia wenye mapagale mkopo mdogo wa bati, mbao na choo bora, kwa sharti lililoandikwa kwamba kodi haitapandishwa kwa kipindi walichokubaliana na kwamba mpangaji ataruhusiwa kulipa mwezi kwa mwezi, ungezalisha vyumba kwa haraka na kwa gharama ndogo. Ungepata pia uungwaji mkono ambao mradi wa pembeni ya mji haupati, kwa kuwa faida inabaki mtaani. Wapo watakaosema kwamba mwenye nyumba hataheshimu sharti. Baadhi hawataheshimu, ndiyo maana mkataba usajiliwe ofisi ya mtaa na mkopo utolewe kwa awamu, bati kwanza, kisha madirisha, kisha choo.

Wapangaji huhamahama. Kuna haja gani ya kuwahusisha?

Huhama kwa sababu hawana uhakika wa makazi, na kutowahusisha kunazidisha kuhama huko. Wapangaji wa mtaa mmoja wakijiandikisha katika daftari moja, wakaonyesha wanalipa kiasi gani, wanatoka mkoa gani na wanafanya kazi wapi, jiji linapata takwimu ambayo hakuna mtu mwingine anayo. Daftari hilo likipelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, hoja ya nyumba za gharama nafuu haiwi tena maneno matupu.

Nyumba za ghorofa zinawafaa watu wa kipato cha chini?

Zinaweza kuwafaa pale ambapo ardhi ni ghali na huduma ziko karibu, kama maeneo ya kati ya mji. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu kila kaya kuwa na hati ya sehemu yake. Tatizo liko kwenye matunzo: ngazi, tanki la maji, pampu na taa za korido zinahitaji mchango wa kila mwezi, na mchango huo ujadiliwe na kutajwa kwa shilingi kabla mtu hajaingia. Majengo ya ghorofa mbili au tatu, bila lifti, ndiyo yanayoelekea kubaki nafuu.

Wakazi wanaweza kujenga wenyewe kwa njia ya ushirika?

Wanaweza, na mfano upo hapahapa nchini. Wakazi waliohamishwa Kurasini, Dar es Salaam, kupisha upanuzi wa bandari, walijiunga kupitia vikundi vyao vya kuweka akiba, wakanunua ardhi kwa pamoja Chamazi na kujenga nyumba ndogo zinazoweza kupanuliwa baadaye, huku wanachama wenyewe wakifyatua tofali. Safari yao ilikuwa ndefu, na waliobaki ni wale waliokuwa wamezoea kuweka akiba pamoja kabla ya kufikiria nyumba. Kikundi cha kikoba ambacho kimegawana fedha bila ugomvi kwa miaka michache ni mwanzo mzuri kuliko chama kipya kilichoundwa kwa sababu ya kiwanja.

Vifaa vya bei nafuu havitafanya nyumba zipasuke?

Nyumba nyingi zinazopasuka Dodoma zina tatizo la msingi na udongo, si la tofali. Sehemu kubwa za jiji zina udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na ukanda huu pia hupata matetemeko ya ardhi. Udongo upimwe kabla ya kujenga, msingi uchimbwe kufuatana na majibu ya vipimo, na nondo zisiibwe kwenye lenta. Tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, ambazo watafiti wa nyumba bora nchini wamezifundisha kwa miaka mingi, ni imara zikifyatuliwa kwa vipimo sahihi na kumwagiliwa vya kutosha.

Upinzani ukiendelea hata baada ya mikutano, tufanye nini?

Kwanza, chunguzeni kama wanaopinga wana hoja ambayo bado haijajibiwa kwa maandishi. Hofu ya maji haiondolewi na neno tutashughulikia, inaondolewa na barua ya DUWASA inayosema bomba la ukubwa gani litafika wapi na lini. Ikiwa barua hiyo haipatikani, basi wanaopinga wako sahihi na mradi usubiri.

Pili, kubalini kupunguza. Mradi wa nyumba 60 uliokubaliwa na mtaa ni bora kuliko wa nyumba 200 uliofungwa mahakamani. Tatu, msiwaite wapinzani maadui wa maendeleo, kwa kuwa mtaishi nao, mtazikana nao, na watoto wenu watasoma darasa moja. Viongozi wa dini na wazee wa mtaa wanaweza kusuluhisha pale ambapo siasa za vyama zimeingia, ili mradi wasitumiwe kupigia debe upande mmoja.

Jambo moja lisifanywe kwa hali yoyote: msiahidi ajira, maji au hati ambazo hamna mamlaka ya kuzitoa.

Nyumba zikishakamilika, kamati ya wakazi ina kazi gani tena?

Kazi yake inayofuata ni kuangalia ugawaji, na hapo ndipo imani ya watu hupatikana au hupotea moja kwa moja. Vigezo vya kupata nyumba viandikwe kabla ujenzi haujafika kwenye lenta, vibandikwe ofisi ya mtaa na ya kata, na viseme wazi sehemu gani imetengwa kwa wapangaji waliokuwa wakiishi kwenye kata hiyo, kwa watu wenye ulemavu na kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Orodha ya waliopata isomwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa, na asiyeridhika apewe siku za kukata rufaa kwa maandishi. Baada ya mwaka mmoja kamati ipite mlango kwa mlango na kulinganisha majina ya orodha na watu wanaoishi humo, kisha ipeleke matokeo kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikitaja kwa namba nyumba ambazo zimekwisha kupangishwa kwa mtu mwingine kwa kodi kubwa zaidi.